DAWA YA DENI NI KULIPA: HOTELI ZA MACHAKOS ZINATUDAI

Mwulize mtu wa Kasikeu wa rika langu alisomea wapi, naye atakutajia chuo. Mwulize ni nani aliyemlea alipokuwa chuoni, na akiwa mkweli atakutajia hoteli. Nasema hoteli kwa maana tunayoijua sisi wananchi, si nyumba ya vitanda na mashuka meupe. Nasema chumba kimoja chenye mabenchi, meza ya mbao iliyofunikwa kwa plastiki ya maua, jiko la kuni nyuma, na mtu kaunta anayekujua kwa jina na kwa deni lako.

Majuzi nilikuwa Machakos kwa shughuli ya jamaa. Kijana wa dada yangu, ambaye sasa ni mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Machakos, alinishika mkono tukazunguka mji. Nikamwonyesha: hapa tulikuwa tukila mandazi, pale palikuwa na supu ya kichwa cha mbuzi, na kule ng'ambo ndiko mlikuwa na chapati zilizosifiwa hadi Wamunyu. Palipokuwa na mandazi sasa panauzwa simu. Palipokuwa na supu pana duka la madawa ya mifugo. Penye chapati pamebomolewa, pakasimamishwa ghorofa. Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia, "Mjomba, kumbe historia yako yote ni ya tumbo!"

Tulicheka. Lakini usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilijiambia kwamba kijana yule amesema kweli kuliko alivyodhani, na kwamba historia hiyo ya tumbo haijaandikwa na mtu yeyote. Sisi tulioila tukishazikwa, itazikwa pamoja nasi. Ndiyo sababu leo nimeshika kalamu.

Kikombe changu, mwalimu

Kasikeu haikuwa mji wa chuo. Ilikuwa, na bado ni, soko la watu wa mashamba, na mtoto wetu aliyefaulu mtihani ilimbidi afunge sanduku aondoke. Siku zile Makueni haikuwa wilaya. Sote tulikuwa chini ya Machakos, na Machakos ndiko kulikokuwa na mkuu wa wilaya, mahakama, hospitali kubwa na chuo cha walimu. Njia yetu ilikuwa moja: kushuka hadi Sultan Hamud, kupanda basi katika barabara ya Mombasa, kupita Kima na Salama hadi makutano ya Kyumvi, kisha kukata kulia kuelekea Machakos.

Kwa hiyo masomo yangu ya hoteli yalianzia Sultan Hamud. Mji huo, kama wengi wajuavyo, ulipewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, na ambaye alifika pale wakati reli ilipokuwa ikijengwa. Ulizaliwa na reli na ukaishi kwa reli. Karibu na stesheni palikuwa na hoteli ndogo ambamo ungemkuta Mmaasai aliyeleta ng'ombe, dereva wa lori la kwenda Mombasa, mama wa Kilungu na kikapu chake cha matunda, na mwanafunzi kama mimi na sanduku lake la bati, wote wakinywa chai kutoka birika moja.

Mpishi wa hoteli ile alikuwa mtu wa Pwani, mzee mwembamba aliyevaa kofia ya kiua hata jua likiwa kali. Chai yake ilikuwa na tangawizi, na Kiswahili chake kilikuwa hakina mchezo. Mara ya kwanza nilimwambia, "Mzee, leta kikombe yangu." Akasimama na birika mkononi, asimimine. "Sema kikombe changu, mwalimu." Nikasema. Ndipo akamimina. Safari iliyofuata nilijisahau nikaomba "sahani ingine", akaniacha nikingoja hadi basi likapiga honi. Nilikula mandazi yangu nikikimbia, lakini tangu siku ile sijasema "sahani ingine" tena. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na nakiri mbele ya wasomaji kwamba ngeli ya ki-vi sikuipata darasani. Niliipata kwa mtu aliyeninyima chai.

Hoteli ya Mwaitu

Machakos yenyewe ilikuwa na hoteli za kila namna. Walikuwako Wahindi waliouza sambusa na chai nzito, walikuwako wachoma nyama wa karibu na soko, na walikuwako akina mama. Hoteli yangu ilikuwa ya mama mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa jamaa zake wapo na sikuwaomba ruhusa. Sisi wanafunzi tulimwita Mwaitu, yaani mama yangu, kama Mkamba yeyote angemwita mama wa umri ule. Yeye alituita waalimu, hata kabla hatujafaulu chochote.

Ngoja nikuingize ndani, msomaji. Mlango ulikuwa wa mbao mbili zilizofunguka nje. Ukutani palikuwa na picha ya Rais, kalenda ya kampuni ya bima iliyokwisha mwaka, na ubao ulioandikwa kwa chaki bei za vyakula. Chini ya bei aliandika maneno ambayo kila mwenye hoteli nchini aliyapenda: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Maneno yalikuwa makali, lakini chini ya ubao huo huo ndipo daftari la madeni lilipolala, jeusi kwa mafuta, na kurasa zake nyingi zilikuwa zetu.

Chakula kilikuwa kile kile kila siku. Asubuhi chai ya maziwa na mandazi, au turungi kwa asiyejiweza. Mchana ugali na karanga ya nyama, au ugali na sukuma wiki, au maharagwe na chapati. Aliyekuwa na pesa kidogo aliagiza ugali mtupu, na hapo ndipo ungeuona ungwana wa mama yule. Hakuuliza kitu. Sahani ilikuja na ugali, na kando yake bakuli ya supu ambayo hukuiagiza wala hukuilipia. Ukipaza sauti, "Mwaitu, ongeza supu," iliongezwa. Mhudumu wake alikuwa kijana mwenye sauti ya tarumbeta, aliyeagizia jikoni bila kuandika: "Ugali nyama moja! Chai mbili, mandazi nne! Mwalimu wa Kasikeu, ugali kavu!" Hapo hoteli nzima ilijua hali ya mfuko wako.

Radio ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kwa waya ili isiibiwe. Sauti ya Kenya ilitupa habari, na Leonard Mambo Mbotela alituuliza kama huu ni ungwana. Mchana wa Jumamosi ulikuwa wa miziki, na Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake, au Peter Mwambi na Kyanganga Boys, walipoanza, hata karani wa mahakama aligonga kijiko mezani. Kilonzo alifariki mwaka 1987. Mpaka leo nikiisikia gitaa yake nasikia pia harufu ya kitunguu kikikaangwa.

Lakini kikubwa hakikuwa chakula wala radio. Meza zilikuwa nne tu. Kwa hivyo hukuweza kuchagua wa kukaa naye. Mwanafunzi aliketi kando ya mzee aliyekuja kwa kesi ya shamba, askari akaketi mbele ya mtu ambaye labda kesho angemkamata, na muuza mbuzi akamwuliza mwalimu mtarajiwa maswali ambayo vitabu havikuyajibu. Mzee mmoja kutoka Mbooni aliniuliza, "Wewe utamfundisha mtoto wangu kuhesabu. Je, utamfundisha pia kumgawia mwenzake?" Sikuwa na jibu, na sikuweza kuhamia meza nyingine, maana zote zilikuwa zimejaa.

Nikw'a Ngwete

Mwaka 1984 mvua ya masika ilikosa. Ukambani tunayo desturi ya kuipa njaa jina, kama vile mtu. Wazee wetu walikuwa na njaa ya Ndeke, ya mwaka 1961, wakati chakula kilipoangushwa kwa ndege. Sisi tulipata yetu, njaa ya miaka ya mwanzo ya 1980, tukaiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa hali nimeshika. Umeshika nini? Umeshika pesa. Mtu alikuwa na noti mfukoni, akazunguka maduka yote asipate unga.

Fikiri basi hali ya mwenye hoteli katika njaa ya namna hiyo. Kazi yake ni kugeuza unga kuwa pesa, na unga hakuna. Hoteli kadhaa mjini zilifunga milango. Mwaitu hakufunga. Baadaye serikali ilipoleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo, ugali wake ukawa wa njano, na wako walioukunjia uso wakisema ni chakula cha kuku. Yeye aliwajibu, "Basi leo sote ni kuku, tule kabla hatujachinjwa."

Katika miezi ile nyumbani Kasikeu hapakuwa na cha kuniletea. Barua ya baba ilisema ng'ombe wawili wamekufa na wa tatu ameuzwa kwa bei ya mbuzi. Sikumwonyesha mtu barua ile. Nilikwenda hotelini nikaagiza turungi peke yake. Mwaitu akanitazama, akaingia jikoni, akarudi na sahani ya ugali wa njano na kunde. Nilimwambia sina pesa. Akafungua daftari, akaandika, akaniambia, "Sijakupa bure. Nimekuandika. Mtu aliyeandikwa hajaaibika."

Maneno hayo nimeyabeba maisha yangu yote. Angenipa bure, ningekula mara moja na nisirudi kwa haya. Kwa kuwa aliniandika, nilikula miezi mitatu na kichwa changu kilibaki juu. Nilikuwa mteja, si ombaomba. Nimesoma mengi tangu wakati huo juu ya misaada na wenye kuitoa, lakini sijamwona aliyeifahamu siri hiyo kama mama yule ambaye, nadhani, hakupita darasa la nne.

Nilipomaliza chuo daftari lilisema shilingi sabini na nne na thumni. Mwaka ule wa 1985 mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umeanza na walimu walihitajika kila mahali. Nikapelekwa mbali, kwenye shule ambayo barua ilichukua wiki mbili kufika. Nilimwahidi Mwaitu kwamba mshahara wa kwanza ni wake. Mshahara wa kwanza ukaenda kwa karo ya ndugu yangu. Wa pili ukanunua godoro. Wa tatu sikumbuki ulikwenda wapi, na hapo ndipo ilipo aibu yangu, kwamba sikumbuki.

Nilirudi Machakos mwaka 1992 nikifuata hati fulani ofisini. Nilikuwa na shilingi mia tatu ndani ya bahasha iliyoandikwa jina lake. Mlango wa mbao mbili ulikuwa umeondolewa, na ndani palikuwa na misumari, saruji na mabati. Mwenye duka alisema mama aliyekuwa hapo amerudi kwao milimani, kisha ameaga dunia. Miaka mingi baadaye nilikutana na mwanawe, mtu mzima kama mimi, nikampa pole na nikamtajia deni. Akatabasamu. Akaniambia daftari liliwashia moto zamani, na kwamba mama yake, akiulizwa kwa nini hawafuati wadeni wake, alikuwa akisema, "Waalimu hawakimbii deni. Wanasahau tu." Ningependa zaidi kama angetutukana.

Zilikwenda wapi?

Vijana hupenda kusema kwamba hoteli hizo zilikufa kwa sababu ya ushamba wao. Si kweli. Zilikufa kwa sababu zinazoweza kutajwa.

Ya kwanza ni njia. Machakos yenyewe inalijua jambo hili tangu zamani. Ilikuwa kituo kikuu cha utawala bara, lakini reli ikapita mbali nayo, na mwaka 1899 makao yakahamishiwa Nairobi. Mahali pa kula hufuata mahali watu wanaposimama. Mwaka 1992 Makueni ilipokatwa kuwa wilaya, mtu wa Kasikeu hakuwa na haja tena ya kwenda Machakos kwa kila karatasi. Alielekea Wote. Wateja wa nusu wilaya wakaondoka mezani. Sultan Hamud nayo ilipata pigo lake: treni ya abiria ya reli ya zamani ilikoma mwaka 2017, na ile mpya ya Madaraka Express, iliyoanza mwaka huo huo, haina stesheni pale. Inasimama Emali.

Ya pili ni kodi ya nyumba. Chumba cha meza nne na supu ya bure hakiwezi kushindana na duka la simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kibanda cha hatua mbili huweza kuingiza pesa bila kuchoma kuni wala kuosha sufuria. Ya tatu ni wanafunzi wenyewe. Wengi wa leo wanapanga vyumba, wana majiko ya gesi, wanajipikia, na wakitoka wanataka chipsi. Siwalaumu. Hata mimi ningekuwa na jiko la gesi, Mwaitu angekufa maskini zaidi.

Na ya nne ni sisi. Mama hao waliuza chapati ili watoto wao wasome, nao wakasoma. Nani kati ya watoto hao angekubali kurudi moshini? Kufungwa kwa hoteli nyingi kulikuwa ni ushindi wa mwenyewe, ingawa hakuna aliyempigia makofi.

Sitaki pia kuzipaka sukari. Moshi ulikuwa mwingi, nzi walikuwa wengi zaidi, na mhudumu mwenye sauti ya tarumbeta alilala juu ya meza zile zile kwa mshahara ambao leo ungetuletea haya. Tena tulikuwa na kasumba yetu. Muthokoi, ambayo mama zetu waliitwanga kinuni hadi maganda yakatoka, wakaipika na kunde au mbaazi, haikuwa kwenye ubao wa Mwaitu. Alituambia aliwahi kuipika, wanafunzi wakaiona ni chakula cha nyumbani, wakaagiza mkate. Leo muthokoi hiyo hiyo inaandaliwa katika hoteli za vitambaa vyeupe Nairobi, na wale wale walioikataa wanailipia bila kuuliza bei.

Tulipeje?

Kule Nairobi, katika Accra Road, kuna kituo cha matatu kinachoitwa Tea Room. Jina lenyewe linasema palikuwa na nini. Maelfu hulitamka kila siku wakitafuta gari, na sidhani kuna abiria anayeuliza chai hiyo ilipikwa na nani. Hivyo ndivyo mji unavyosahau: unalitunza jina na kumtupa mwenye jina. Huko kwetu hata jina hatukulitunza.

Mimi naona njia tatu za kulipa. Kwanza, vyuo vyetu viamke. Machakos ina chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2016, na Kitui ina Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, chenye hati tangu 2013. Wanafunzi wa historia wanatumwa kuandika juu ya vita na vyama. Watumwe pia kwa wazee waliopika, waliohudumu na waliokula, wakiwa bado hai. Pili, serikali zetu za kaunti, zinapopanga masoko mapya, zisisahau chumba cha mwenye sufuria moja. Soko lenye vibanda mia vya nguo na lisilo na mahali pa kula ugali ni soko lisilo na moyo. Tatu, na hili halihitaji kamati, sisi tulioandikwa katika madaftari hayo tulipe kwa walio hai.

Wako. Kwa Vonza, Wote, hata pale Kasikeu sokoni, utamkuta mama mwenye benchi mbili na karai la mandazi, na kando yake mwanafunzi anayekunywa turungi peke yake, akijifanya hana njaa. Mkopo wa serikali umechelewa, au mvua imekosa nyumbani, na hakuna aliyemwonyesha barua. Usimpe pesa mkononi mbele ya watu. Nenda kwa mama kimya, umwambie amwandike.

Mimi nilianza na shilingi sabini na nne na thumni. Nimekwisha kuipita hesabu hiyo mara nyingi, lakini sioni kama limelipika.